Mastodon Kama Uwanja wa Siasa: Chaguo ni Lako, Lakini si Lote

Mastodon ni mtandao wa kijamii unaojinadi kwa hoja moja kubwa, kwamba humo mtumiaji ndiye mwenye uamuzi. Hauna kampuni moja inayoumiliki wote, hauna matangazo ya biashara, wala hauna mtambo wa kukuchagulia yale yatakayokupandisha hasira ili usiiweke simu chini. Nimeutumia kwa muda wa kutosha, zaidi kwa kusoma na kujadili siasa za Afrika Mashariki na za dunia, na katika tathmini hii ninakusudia kuipima hoja hiyo pale inapopata mtihani mgumu, yaani pale watu wanapobishana kuhusu serikali, uchaguzi, vita na haki. Kwa picha za paka na mapishi ya pilau mtandao wowote unatosha. Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, nayo nitaigusa, kwa sababu wengi wanaoihama X (Twitter ya zamani) huzipima mbili hizi kwa pamoja, ingawa zimejengwa kwa fikra zinazotofautiana sana juu ya nani achague nini.

Kwa wasioifahamu, Mastodon ilianzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko, mwanaprogramu wa Ujerumani, na ni programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuisimika kwenye seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi akaunti na machapisho, na kuwakaribisha wengine. Seva hizo, ambazo ni maelfu, huwasiliana kwa itifaki (kanuni za mawasiliano ya kompyuta) ya ActivityPub iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kuwa kiwango rasmi mwaka 2018, hivyo mwenye akaunti kwenye seva ya Berlin anaweza kumfuata, kumjibu na kumsambaza aliye kwenye seva ya Toronto bila ya yeyote kati yao kuhama. Chapisho moja kwa kawaida huchukua herufi 500, mkondo wa nyumbani, yaani machapisho ya unaowafuata, hupangwa kwa wakati tu, na anwani yako hubeba jina lako pamoja na jina la seva yako. Sehemu hiyo ya pili ya anwani ndiyo iliyobeba siasa yote.

Kujiunga kwenyewe ni kwepesi. Tangu mwaka 2023 programu rasmi ya simu humpendekezea mgeni seva kuu ya mastodon.social, na asiyeitaka hupewa orodha ya seva nyingine achague mwenyewe. Kabla hujaweka nywila, skrini hukuonyesha kanuni za seva, moja baada ya nyingine, na kitufe cha kuzikubali kiko chini yake. Ninamshauri msomaji asizipitie juujuu kwa mazoea yetu ya kukubali masharti tusiyoyasoma, kwa kuwa hizi ni fupi, zimeandikwa na watu wanaoweza kutafutwa na kuulizwa, na ndizo zitakazotumika siku utakaporipotiwa. Mastodon.social inakataza ubaguzi wa rangi na wa jinsia, uchochezi wa vurugu, kumwandama mtu, na kusambaza uongo kwa makusudi. Zipo seva za waandishi wa habari, za wanasayansi, za watu wa mrengo wa kushoto, na zipo zinazokutaka ueleze kwanza kwa nini unataka kuingia, kisha usubiri binadamu asome maelezo yako na kuamua.

Seva kubwa inayoendeshwa kwa Kiswahili, yenye wasimamizi wanaozijua siasa zetu, sikuipata. Matokeo yake ni kwamba Mtanzania au Mkenya anayetaka kujadili mambo ya kwao hukaa chini ya kanuni zilizoandikwa Ulaya au Marekani, na akiripotiwa, shauri lake linaamuliwa na mtu wa mbali anayetegemea tafsiri ya mashine. Mtu akimwita mwenzake chawa wa kiongozi fulani, kila Mtanzania anajua ni dhihaka ya kisiasa inayosemwa hata vijiweni mchana kweupe. Msimamizi aliyeko Munich ataona binadamu ameitwa mdudu, na kwa historia ya kwao hatakuwa na kosa akishtuka. Hili si kosa la programu. Ni upungufu wa watu, lakini mtumiaji ndiye anayeulipia.

Upande wa kile ninachokiona mwenyewe, ninaisifu Mastodon bila kigugumizi. Kichujio chake ni bora kuliko cha mtandao wowote mwingine niliowahi kuutumia. Unaandika neno au kifungu cha maneno, unachagua kitumike wapi, iwe kwenye mkondo wa nyumbani, kwenye arifa, kwenye mikondo ya umma au ndani ya mazungumzo. Unaamua chapisho lifichwe kabisa au lifunikwe kwa onyo lenye jina la kichujio, ambalo unaweza kulibonyeza ukataka kuona. Kisha unaamua kitadumu kwa muda gani, kuanzia nusu saa hadi wiki, au daima. Kipengele cha muda ndicho kilichonivutia zaidi. Kampeni za urais wa Marekani za mwaka 2024 zilipofika kilele, kila mtu wa kila nchi alikuwa akizungumzia jambo hilohilo, na niliweza kuwanyamazisha wagombea wote wawili kwa wiki moja kisha kichujio kikajifuta chenyewe bila ya mimi kukumbuka. Unaweza pia kumfuata mtu kwa lugha unazozichagua tu: mwandishi anayechapisha kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiswahili unaweza kumsoma kwa Kiswahili peke yake. Sharti ni kwamba mwandishi mwenyewe aweke alama ya lugha kila anapochapisha, na Kiswahili kimo kwenye orodha. Wengi wetu tunatumia simu zilizowekwa Kiingereza, programu hudhani tumeandika Kiingereza, na machapisho mazuri ya Kiswahili hupotea machoni pa waliochagua Kiswahili. Ni kitufe kidogo kando ya sanduku la kuandikia. Kibonyezeni.

Sasa niingie kwenye jambo linalowagawa watu kuliko yote niliyoyaona humo, nalo ni onyo la maudhui. Kila chapisho lina nafasi ya kuandika kichwa kifupi cha onyo, na asomaye huona kichwa hicho peke yake mpaka abonyeze. Wazee wa Mastodon, kama nitaruhusiwa kuwaita hivyo watu waliojiunga kabla ya 2022, waliizoea nafasi hiyo kwa ajili ya habari za vifo, za maradhi, na hasa za siasa. Mmarekani aliyetaka kuzungumzia siasa za kwao alitarajiwa kuandika "uspol", kifupi cha "siasa za Marekani" kwa Kiingereza, juu yake, na ambaye hakufanya hivyo alikumbushwa, mara nyingine kwa upole na mara nyingine kwa ukali usiolingana na kosa. Kwa msomaji aliyeko Morogoro au Eldoret, desturi hiyo ni neema tupu: unaweka "uspol" kwenye kichujio na nusu ya kelele za dunia inanyamaza.

Kisha ikaja Novemba 2022. Elon Musk alikuwa ameinunua Twitter mwishoni mwa Oktoba kwa dola bilioni 44, na watumiaji hai wa Mastodon kwa mwezi wakapanda kutoka takriban 300,000 hadi milioni 2.5 katika muda mfupi. Miongoni mwa wageni walikuwamo Wamarekani Weusi waliozoea kusimulia ubaguzi wanaokutana nao kazini, barabarani na kwa polisi, na baadhi yao wakaambiwa wayafunike masimulizi hayo kwa onyo kwa kuwa ni siasa na yanawasumbua wengine. Walijibu, na kwa maoni yangu walijibu sawasawa, kwamba maisha ya mtu hayageuki kuwa mada ya hiari eti kwa sababu jirani yake hapendi kuyasikia. Kwa kadiri ninavyoona, hoja hii haijajibiwa vizuri hadi leo. Wanaotetea onyo husema ni adabu tu, kumpa mwenzako nafasi ya kujiandaa kabla ya kusoma. Mimi nasema adabu ni kitu anachojitolea mwandishi. Ikigeuka kuwa amri inayodaiwa na wasomaji, chaguo limeshahamishwa kutoka kwa anayesema kwenda kwa asiyetaka kusikia, ilhali asiyetaka kusikia ana kichujio chake mkononi chenye nguvu zote nilizozieleza. Tujiulize ingekuwa ni sisi: aliyempoteza ndugu kwenye maandamano anaandika juu yake, halafu mtu anamwandikia kwamba habari za kisiasa ziwekewe onyo. Baada ya wimbi lile baadhi ya seva zimezilegeza kanuni zao, nyingine zimekaza vilevile, na msomaji anayejiunga leo afungue ukurasa wa kanuni atazame seva yake inasema nini juu ya onyo kabla ya kitu kingine chochote.

Hapo tunafikia kiini cha tathmini hii, yaani mamlaka ya msimamizi wa seva. Mtumiaji anaweza kumnyamazisha mtu, kumzuia, au kuizuia seva nzima kwa ajili yake peke yake. Msimamizi anaweza kufanya hivyo kwa niaba ya wote. Ana ngazi mbili kuu. Ya kwanza ni kuiwekea seva nyingine mipaka, ambapo machapisho yake hayaonekani kwenye mikondo ya umma lakini anayetaka kuwafuata watu wake bado anaweza. Ya pili ni kukata uhusiano kabisa, na hapo wafuasi na wafuatwao wa pande zote mbili hutenganishwa, na uhusiano huo haurudi wenyewe hata msimamizi akibadili mawazo kesho yake.

Ngazi ya pili ina historia yenye sababu. Mwezi Julai 2019 Gab, mtandao unaopendwa na mrengo mkali wa kulia wa Marekani, ulihamia kwenye msimbo wa Mastodon. Leseni ya programu huria haimruhusu mwenye programu kuchagua nani aitumie, kwa hiyo Rochko na wenzake hawakuweza kuwazuia. Kilichowezekana ni kila seva kuamua yenyewe, na nyingi zilikata uhusiano karibu mara moja, huku baadhi ya programu za simu zikikataa hata kufungua akaunti za Gab. Miaka miwili baadaye Truth Social ya Donald Trump ilionekana kujengwa juu ya msimbo huohuo bila ya kuutaja, na Mastodon ilichoweza kudai ni leseni ya AGPL iheshimiwe na msimbo uwekwe wazi, jambo ambalo hatimaye lilifanyika. Ninaipenda mifano hii miwili kwa sababu inaonyesha mpangilio ukifanya kazi ilivyokusudiwa: hakuna aliyefutwa duniani, na hakuna aliyelazimishwa kumkaribisha mwingine nyumbani kwake.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi. Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilizindua mtandao wa Threads mwezi Julai 2023, na Desemba mwaka huohuo ikaanza kuijaribisha kwenye ActivityPub. Mamia ya wasimamizi waliweka ahadi ya pamoja ya kuikatalia mlango tangu siku ya kwanza. Sababu zao si za kupuuzwa, kwa kuwa wanakumbuka namna kampuni kubwa zinavyoweza kuingia kwenye itifaki huria, kuikumbatia, kisha kuiacha ikiwa maganda. Rochko kwa upande wake alisema asiyeitaka Threads anaweza kuizuia mwenyewe, na mastodon.social ikabaki wazi. Mimi niko upande wake katika hili, nikiwa na sababu ya kienyeji kabisa: Waafrika Mashariki wenzangu wako kwenye mitandao ya Meta kwa wingi usio na mfano, na msimamizi anayefunga mlango huo kwa ajili ya kuipinga kampuni ya California ananifungia mimi mlango wa jamaa zangu, bila ya kuniuliza. Kuiwekea mipaka kungetosha. Anayetaka kukata atakata mwenyewe.

Nalisema hili nikiwa limenikuta. Seva niliyoanzia, ambayo sitaitaja, ilikata uhusiano na seva nyingine kutokana na ugomvi wa wasimamizi wawili kuhusu vita vya Mashariki ya Kati, na kwa uamuzi huo nikawapoteza watu kadhaa niliokuwa nikiwafuata, akiwamo mwandishi wa Kenya ambaye hakuwa na habari ya ugomvi wala upande wake. Hatukupiga kura. Tangazo lilitolewa baada ya jambo kutendeka, kwa lugha ya kujipongeza. Toleo la 4.3, lililotoka Oktoba 2024, limepunguza makali kidogo, kwa kuwa sasa unapokea arifa kwamba uhusiano fulani umekatwa na unaweza kupakua orodha ya uliowapoteza, ambapo zamani uligundua tu kwamba kuna mtu amekuwa kimya mno.

Jibu la kawaida la Mastodon kwa malalamiko ya aina hii ni kwamba usiporidhika, hama. Na kweli kuhama kupo, na kumetengenezwa vizuri kuliko mahali pengi: unafungua akaunti mpya kwenye seva nyingine, unaonyesha kwamba ile ya zamani ni yako, unabonyeza kuhamisha, na wafuasi wako wanakufuata wenyewe bila ya kuombwa. Orodha ya unaowafuata na uliowazuia unaipakua kama faili na kuipandisha kule uendako. Kinachobaki nyuma ni maandishi yako. Kila hoja uliyoijenga, kila mjadala mrefu wa bajeti au wa katiba, unabaki kwenye seva ya zamani kwa ridhaa ya mwenye seva, nawe unafika kwenye nyumba mpya kama mpangaji aliyehama na mikeka bila ya vitabu. Kwa mtu anayechapisha picha za machweo hili si tatizo. Kwa anayejadili siasa, ambaye thamani yake yote iko kwenye kumbukumbu ya alichosema mwaka juzi, ni hasara ya wazi.

Na mara nyingine seva yenyewe ndiyo inayokufa. Mwezi Februari 2023 mwenye seva ya mastodon.lol, yenye maelfu ya wanachama, alitangaza kuifunga baada ya kuchoshwa na chuki na ugomvi uliomiminika kwake. Mtu mmoja, aliyekuwa akijitolea, alielemewa. Seva zinazoorodheshwa kwenye tovuti rasmi ya Mastodon huahidi kutoa taarifa ya miezi mitatu kabla ya kufunga, kuweka nakala za akiba kila siku, na kuwa na angalau mtu wa pili mwenye funguo za dharura, kwa hiyo msomaji achague seva kutoka orodha hiyo asije akaonja joto ya jiwe. Hata hivyo ahadi hizo hazizuii kila kitu. Februari 2024 seva ya queer.af ilipoteza jina lake la kikoa, yaani anwani yake ya mtandaoni, kwa kuwa herufi hizo mbili za mwisho ni za Afghanistan na Taliban waliamua kulifuta. Utawala wa Kabul uliweza kuwaondoa mtandaoni watu ambao wengi wao hawajawahi kuikanyaga nchi hiyo, kwa njia ya kikoa tu. Anayeota seva ya siasa yenye kikoa cha .tz au .ke alifikirie hilo mapema.

Kuna maeneo mawili ambayo Mastodon imebishana yenyewe kwa yenyewe hadi ikafikia suluhisho ninaloliona la busara. La kwanza ni kunukuu chapisho la mwingine. Kwa miaka mingi Rochko alikataa, kwa hoja kwamba kunukuu kunamgeuza mtu kuwa kichekesho mbele ya umati wa mwingine. Waliokuja kutoka Twitter walimjibu kwamba kunukuu pia ni namna ya kujenga hoja na kushirikiana. Toleo la 4.5, la Novemba 2025, limeleta kunukuu, lakini mwenye chapisho ndiye anayeamua nani anaweza kumnukuu, na anaweza kulitoa chapisho lake kwenye nukuu ya mtu mwingine hata baada ya kunukuliwa. La pili ni Bridgy Fed, daraja linalounganisha Mastodon na Bluesky. Mapema mwaka 2024 mtengenezaji wake alikusudia kumvusha kila mtu isipokuwa aliyekataa. Watumiaji walimjia juu kwa ukali, mwingine wa kupindukia, naye akageuza utaratibu ili avushwe anayeomba tu. Ukitaka maandishi yako yasomwe Bluesky, unaifuata akaunti ya daraja na kazi imekwisha.

Bluesky yenyewe ilianza kama wazo lililotangazwa na Jack Dorsey ndani ya Twitter mwaka 2019, ikafunguliwa kwa watu wote Februari 2024, na ikapokea mafuriko ya watu baada ya Jaji Alexandre de Moraes kuizima X nchini Brazil mwishoni mwa Agosti 2024, kisha tena baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba. Herufi zake ni 300. Hapo chaguo limegawanywa kwa namna nyingine: seva haina uzito, kwa kuwa karibu kila mtu yuko kwenye zile za kampuni yenyewe, bali unachagua mkondo uliotengenezwa na watumiaji wengine na unachagua watoa alama, yaani watu au vikundi vinavyobandika alama kwenye machapisho, nawe unaamua alama ipi ifiche na ipi ionye. Kwa mjadala wa siasa ninaona mpango huu ni wa haki zaidi kwa mtu mmojammoja, maana hakuna msimamizi anayenikatia rafiki. Lakini mamlaka yamerudi kwenye kampuni moja, na serikali zinajua pa kugonga. Aprili 2025 Bluesky ilizificha akaunti kadhaa ndani ya Uturuki kwa matakwa ya serikali ya huko, na Agosti mwaka huohuo ilijifunga kwa watu wa jimbo la Mississippi kwa sababu ya sheria ya uthibitisho wa umri. Waliotumia programu nyingine zilizojengwa juu ya itifaki hiyohiyo waliweza kuendelea kuziona akaunti za Uturuki, kwa kuwa ufichaji ulifanywa ndani ya programu rasmi. Ni tundu dogo, lakini lipo, na kwenye X halipo.

Je, mpangilio huu unatusaidia sisi? X ilizuiwa Tanzania mwezi Mei 2025, na Septemba mwaka huohuo TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ikasimamisha leseni ya jukwaa la mijadala la JamiiForums kwa siku 90, hivyo mwananchi aliyezoea viwanja hivyo viwili alijikuta hana pa kwenda ndani ya miezi michache. Mtandao wenye maelfu ya seva hauzimwi kwa amri ya kuzuia anwani moja, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini intaneti ilipokatwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, seva za Ulaya ziliendelea kufanya kazi huku Watanzania wengi waliokuwa nchini wakishindwa kuzifikia, na hakuna itifaki itakayoponya hilo. Anayefikiria kuendesha seva akiwa ndani ya nchi akumbuke kwamba tangu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 watoa huduma za maudhui mtandaoni wanahitaji leseni, kwa hiyo aanze kwa mwanasheria kabla ya kuanza kwa fundi. Jambo jingine la usalama, ambalo Mastodon inalisema yenyewe lakini watu hawasomi: ujumbe wa faragha humo haujafungwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho. Msimamizi wa seva yako, na wa seva ya unayemwandikia, wanaweza kuusoma wakitaka. Siri za kisiasa zisipitie hapo kamwe.

Kinachokosekana zaidi kwa mazingira yetu ni sauti. Wakenya walipoupinga Muswada wa Fedha mwezi Juni 2024, mjadala ulinoga kwenye vyumba vya sauti vya X, ambako mtu asiyependa kuandika aliweza kusikiliza usiku kucha kwa bando dogo, akaomba nafasi, akasema. Mastodon haina kitu hicho, na siasa zetu ni za mdomo kuliko za kalamu. Utafutaji nao ni dhaifu: tangu Septemba 2023 unaweza kutafuta maneno ndani ya machapisho, lakini ya wale tu walioruhusu, na wengi hawajaruhusu. Ukitaka kuonekana, weka heshitegi, kwani hizo hutafutika daima.

Ninaipendekeza Mastodon kwa mwandishi wa habari, mwanasheria, mhadhiri au mwananchi anayetaka kujenga hoja ndefu na kujibiwa na watu waliosoma hadi mwisho; kwa mijadala ya aina hiyo sijaona mahali penye utulivu zaidi, na wageni wa nchi nyingine humo huuliza maswali ya maana kuhusu siasa zetu. Anayetaka kuhamasisha umma, kumfikia kijana wa Mbagala au Kayole, au kumbana mbunge wake hadharani, asipoteze muda, maana mbunge hayupo na kijana hayupo. Taasisi ndizo zingefaidi zaidi kuliko mtu binafsi. Tume ya Ulaya na serikali ya Uholanzi zina seva zao, BBC ilianzisha ya majaribio mwaka 2023, na faida yake ni kwamba anwani yenyewe inathibitisha nani anayesema bila ya kulipia alama ya buluu. Chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, au chombo kimoja cha habari cha Kiswahili chenye wasimamizi wawili watatu wanaolipwa, kingeweza kutufungulia nyumba ambayo kanuni zake zimeandikwa na watu wanaoijua dhihaka yetu.

Hadi hapo, nimehamia kwenye seva ya wastani inayozitangaza hadharani seva zote ilizozikata pamoja na sababu, jambo ninaloliona muhimu kuliko ukubwa wake au ukarimu wa kanuni zake. Orodha hiyo iko kwenye ukurasa wake wa "Kuhusu", na unaweza kuisoma kabla ya kujiunga. Akaunti yangu nimeivusha kwenda Bluesky kwa daraja, orodha ya ninaowafuata ninaipakua kila mwanzo wa mwezi, na makala ndefu ninaziandika kwanza kwenye kompyuta yangu ndipo nizipandishe.